Shilingi Yako ya Maji: Inaenda Wapi, na Nani Anafaa Kukujibu?

Kulipa bili ya maji kwa simu ni kazi ya dakika moja. Unaweka nambari ya biashara, nambari ya akaunti, kiasi na nambari ya siri, basi. Ujumbe wa uthibitisho unaingia na unaendelea na shughuli zako. Lakini kuna swali ambalo ujumbe huo haujibu: "Nimelipa, mbona mfereji bado ni mkavu?"

Hilo swali ni la haki kabisa. Sisi kazi yetu ni kupitisha pesa. Hatuchimbi visima, hatupangi bei ya maji na hatufungui vali za mtaa wako. Ila kuna jambo moja ambalo kazi yetu imetufunza: pesa zikiacha alama, ni rahisi kuuliza maswali. Zikipita mkononi bila risiti, kila mtu anamsukumia mwenzake lawama na mteja anabaki na mtungi mtupu.

Katika makala hii tunaeleza huduma ya maji inavyosimamiwa hapa Kenya, pesa zako zinavyosaidia au zinavyopotea, na hatua unazoweza kuchukua ukiwa na simu yako na rekodi zako.

Nani ni nani katika huduma ya maji?

Tuanze na msingi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama, tena ya kutosha, pamoja na kiwango kinachofaa cha usafi, yaani mambo ya vyoo na majitaka. Katiba hiyo hiyo, kwenye Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la huduma za maji na majitaka. Halafu ikaja Sheria ya Maji ya 2016, ambayo iligawa kazi hivi:

- Kampuni ya maji ya eneo lako ndiyo inayokuletea maji na bili. Nyingi zinamilikiwa na serikali za kaunti, na kila moja ina bodi ya wakurugenzi na leseni ya kufanya kazi.
- Serikali ya kaunti ndiyo mwenye kampuni. Inapaswa kupanga jinsi huduma itakavyofika mitaa ambayo haina mabomba.
- Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, hutoa leseni, huweka viwango vya huduma na huidhinisha bei. Kila mwaka pia huchapisha ripoti inayolinganisha kampuni za maji, nani amefanya vizuri na nani amebaki nyuma.
- Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, inashughulikia mito, maziwa na maji ya ardhini. Mtu akitaka kuchimba kisima, kibali kinatoka huko.
- Mashirika ya ujenzi wa miundombinu ya maji, yaliyo chini ya serikali ya kitaifa, hujenga mabwawa na mabomba makubwa.

Kwa nini ujue haya yote? Kwa sababu lalamiko likipelekwa mlango usiofaa huwa linalala. Bomba la mtaani likipasuka, hiyo ni kazi ya kampuni. Ukihisi bei uliyotozwa haijaidhinishwa, mlango ni WASREB. Mtaa wako ukiwa haujawahi kuona bomba, mzungumzie mwakilishi wadi na kaunti, hasa wakati bajeti inajadiliwa.

Pia tuseme wazi: haki ya maji haimaanishi maji ni ya bure. Kuna umeme wa kusukuma maji, dawa ya kuyasafisha, mishahara na mabomba ya kurekebisha. Hizo gharama lazima zilipwe. Swali ni kama zinalipwa kwa njia ya haki na inayoonekana.

Maji yanayopotea, wewe ndiye unayeyalipia

Kuna kipimo kimoja ambacho kinaonyesha haraka kama kampuni ya maji inasimamiwa vizuri. Ni kiasi cha maji ambacho kampuni inazalisha lakini hayaleti mapato yoyote. Ripoti za WASREB za miaka ya karibuni zimekuwa zikionyesha kwamba, kwa jumla, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni zenye leseni hupotea hivyo. Bodi yenyewe inasema kiwango hicho hakifai kuzidi asilimia 25.

Yanaenda wapi? Mengine yanavuja kwenye mabomba yaliyozeeka. Mengine yanaibwa kwa viunganisho haramu. Mengine yanafika kwa mteja lakini mita imekufa, au haisomwi, au imesomwa vibaya kwa makusudi kwa sababu kuna mtu ameshikwa mkono. Tatizo la kwanza ni la fundi. Hayo mengine ni ya usimamizi.

Fanya hesabu hii ndogo. Tuseme kampuni inazalisha yuniti 100 za maji, na kila yuniti inagharimu shilingi 60 kuifikisha mtaani. Jumla ni shilingi 6,000. Kama yuniti 75 zinalipiwa, kila moja inabeba shilingi 80. Kama ni yuniti 55 tu zinazolipiwa, kila moja inabeba karibu shilingi 109. Yule anayelipa kwa uaminifu anambeba mwizi, na pia anabeba uvivu wa yule aliyeona bomba limepasuka akanyamaza.

Kampuni isipopandisha bei, pengo linajitokeza kwingine. Umeme wa pampu haulipwi kwa wakati, bomba halibadilishwi, na maji yanaanza kuja kwa zamu, siku mbili kwa wiki. Hapo ndipo wateja wanakasirika na kuacha kulipa, na mapato yanashuka zaidi. Huo mzunguko ukishaanza, ni vigumu kuuvunja kwa matangazo ya redioni peke yake.

Kwa nini njia ya malipo ni sehemu ya usimamizi

Kenya imejaribu njia kadhaa za kuvunja mzunguko huo, na nyingi zinahusu jinsi pesa na taarifa zinavyopita.

Chukua mfano wa Jisomee Mita, huduma ambayo Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi ilianzisha mwaka 2014. Jina linajieleza. Mteja anasoma mita yake mwenyewe, anatuma namba kwa simu, anapata bili na kulipa kwa simu. Ilitumika mitaa kama Kayole-Soweto, ambako wakazi wengi wana kipato kidogo kinachoingia siku kwa siku. Hapa kuna faida mbili. Ya kwanza, mteja si lazima angoje bili ya mwezi mzima, anaweza kulipa kidogo kidogo anapopata. Ya pili, hakuna mtu wa kati wa kubahatisha namba ya mita akiwa ameketi ofisini.

Mfano mwingine ni Mathare. Mwaka 2015 kampuni hiyo hiyo iliweka mashine za kuuza maji kwa kadi, ambazo watu walizoea kuziita ATM za maji. Mkazi anaweka pesa kwenye kadi, anagusisha kwenye mashine na maji yanatoka. Bei ilipoanza ilikuwa nusu shilingi kwa mtungi wa lita 20. Bei hiyo ilijulikana na kila mtu, na mashine haiongezi shilingi mbili kwa sababu ni siku ya ukame.

Kisumu walifuata njia nyingine, hasa mtaa wa Nyalenda. Huko kampuni ya maji haikuweka mashine. Iliingia mkataba na vikundi na watu wa mtaa wenyewe, ikawauzia maji kwa jumla kupitia mita kubwa, nao wakayasambaza kwa majirani na kukusanya malipo. Mtu anayeuza maji kwa mkataba ana sababu ya kulinda bomba, kwa sababu maji yakiibwa, hasara ni yake.

Mifano hii mitatu haifanani, lakini yote inajibu maswali matatu: maji kiasi gani yametoka, nani ameyapata, na pesa zimeingia wapi. Mahali ambapo maswali hayo yana majibu, ni vigumu mtu kujificha.

Sasa linganisha na hali hii ambayo wengi wanaijua. Jamaa mwenye koti la kazi anafika mlangoni, anasema maji yatakatwa leo, halafu anakuambia umtumie shilingi elfu moja kwa nambari yake binafsi ndiyo "akusaidie." Ukituma, bili yako haijapungua hata senti moja. Kampuni haijui umelipa. Na kesho anaweza kurudi. Hayo malipo hayana akaunti, na hakuna mtu wa kukujibu.

Soma mita yako mwenyewe

Huhitaji kuwa fundi kujua kama bili yako ni ya kweli. Mita nyingi zina namba nyeusi na namba nyekundu. Nyeusi ndizo yuniti kamili. Yuniti moja ni lita 1,000, sawa na mitungi 50 ya lita 20. Nyekundu ni vipande vya yuniti, usizihesabu kwenye bili.

Toa namba ya mwezi uliopita kutoka kwa namba ya mwezi huu. Kama mwezi uliopita ilikuwa 412 na sasa ni 421, umetumia yuniti 9, yaani mitungi 450. Jiulize kama nyumba yako kweli inatumia mitungi 15 kwa siku. Familia ya watu watano inaweza kufika hapo. Mtu anayeishi peke yake na hana shamba la mboga afaa kushtuka.

Kama namba zinakushangaza, funga mifereji yote nyumbani na uitazame mita kwa dakika chache. Ikiendelea kuzunguka, kuna mahali panapovuja ndani ya nyumba yako, na mara nyingi ni tanki la choo.

Bei nayo hupanda kwa ngazi. Yuniti za kwanza zina bei ya chini ili kila nyumba imudu maji ya lazima, halafu kadiri unavyotumia zaidi ndivyo kila yuniti inavyozidi kuwa ghali. Juu yake kuna ada ya majitaka kwa wale waliounganishwa. Bei hizi lazima ziidhinishwe na WASREB baada ya wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni, kisha hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ukisikia kikao cha maoni kuhusu bei mpya ya maji, nenda. Hapo ndipo mahali pa kuuliza: "Kabla mtuongezee bei, mmepunguza maji yanayopotea kwa kiasi gani?"

Na tusisahau wanaonunua kwa mtungi. Mtungi ukiuzwa shilingi 5, yuniti moja inakugharimu shilingi 250. Ukifika shilingi 20 wakati wa uhaba, yuniti hiyo hiyo ni shilingi 1,000. Ndiyo maana mtaa usio na bomba mara nyingi hulipa zaidi kuliko mtaa wenye nyua na mageti. Anayeishi bila mita analipa adhabu ya usimamizi mbaya kila asubuhi.

Kama wewe ni mpangaji

Hapa ndipo wengi huumia. Unamlipa mwenye nyumba kodi pamoja na maji, au unampa msimamizi wa ploti pesa taslimu kila mwezi. Yeye halipi kampuni. Siku moja mita inang'olewa na ploti nzima inakaa gizani kwa upande wa maji, na wewe hujawahi kudaiwa hata siku moja.

Kuna njia za kujikinga:

1. Kabla ya kuhamia, omba nambari ya akaunti ya maji ya ploti. Kampuni nyingi zinakuruhusu kuulizia salio kwa simu. Deni kubwa ni dalili mbaya.
2. Kama ploti ina mita moja, wapangaji mnaweza kukubaliana na mwenye nyumba kwamba pesa za maji zilipwe moja kwa moja kwa nambari ya biashara ya kampuni. Andikeni makubaliano hayo, hata kama ni ujumbe kwenye kikundi cha ploti.
3. Atakayelipa atume ujumbe wa uthibitisho kwenye kikundi siku hiyo hiyo. Kila mtu aone kiasi, tarehe na msimbo wa muamala.
4. Ukimpa mtu pesa taslimu, omba risiti. Akikataa kuandika, mtumie kwa simu ili angalau kuwe na rekodi kati yenu.

Choo nacho kina gharama yake

Tukizungumzia maji, watu hufikiria mfereji na kusahau maji yanapoenda baadaye. Ni sehemu ndogo tu ya wakazi wa miji yetu ambao nyumba zao zimeunganishwa na mabomba ya majitaka. Wengine wanatumia vyoo vya shimo na matanki ya chini ya ardhi, ambayo lazima yanyonywe.

Ukiita lori la kunyonya majitaka, swali muhimu si bei pekee. Uliza yanaenda kumwagwa wapi. Lori halali huwa na leseni ya NEMA ya kusafirisha taka, na linapaswa kumwaga mahali palipoidhinishwa, kwa mfano kwenye mtambo wa kampuni ya maji. Lenye bei ya kutupa mara nyingi humwaga usiku kwenye mto au mtaro. Halafu maji hayo hayo yanarudi mtaani kupitia visima na mabomba yaliyopasuka, na kipindupindu hakiulizi nani alilipa bei nafuu.

Kwa hivyo omba nambari ya leseni, lipa kwa njia yenye rekodi, na uhifadhi jina la biashara. Mkazi akipata rekodi hiyo, afisa wa afya wa kaunti ana mahali pa kuanzia.

Ukilalamika, lalamika hivi

Lalamiko la mdomo kwenye lango la ofisi hupotea kama maji kwenye mchanga. Mwaka 2013 Nairobi ilianza kutumia MajiVoice, mfumo wa WASREB uliotengenezwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, ambapo mteja analeta lalamiko kwa simu au ofisini, anapewa nambari, na anaweza kufuatilia limefika wapi. Funzo lake linafaa popote ulipo: nambari ya lalamiko ni kama msimbo wa muamala. Bila hiyo, ni neno lako dhidi ya lao.

Fuata ngazi hizi:

1. Kusanya ushahidi. Picha ya mita yenye tarehe, bili, na ujumbe wa malipo. Ukifuta ujumbe wetu, unaweza kuomba taarifa ya miamala yako kutoka kwetu. Hiyo ni rekodi yako, ni haki yako kuipata.
2. Anza na kampuni ya maji. Eleza kwa ufupi, omba nambari ya lalamiko, na uulize watakujibu lini. Kama ulikosea nambari ya akaunti na pesa zikaingia kwa mteja mwingine, wao ndio wenye daftari la akaunti; wapelekee msimbo wa muamala.
3. Wasipojibu, panda kwa WASREB. Ambatisha nambari ya lalamiko la kwanza. WASREB pia ilianzisha vikundi vya wananchi wa kujitolea, vinavyojulikana kama Water Action Groups, katika miji kama Nairobi, Kisumu, Mombasa na Kakamega, ili kusaidia wateja kufikisha malalamiko.
4. Omba habari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuuliza ofisi ya umma, kwa mfano, mtaa wenu ulitengewa nini kwenye bajeti ya maji. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Wakikunyima bila sababu, unaweza kwenda kwa Tume ya Haki za Utawala.
5. Nendeni mkiwa wengi. Bili kumi za ploti kumi zinazoonyesha kosa lile lile zina uzito kuliko mtu mmoja mwenye hasira.

Risiti ina mipaka yake

Hatutaki kukuahidi kile ambacho simu haiwezi kufanya. Risiti haitoboi mwamba kutafuta maji. Bwawa likikauka, hata mteja asiye na deni atakosa maji. Na kampuni inaweza kupokea kila shilingi kwa njia safi kisha izitumie vibaya. Rekodi za malipo zinaonyesha pesa zimeingia. Zimetumika vipi, hilo ni la bodi, kaunti, wakaguzi na WASREB, na wewe pia kama utaamua kuuliza.

Kile ambacho rekodi inafanya ni kumwondolea mtu kisingizio. Kampuni haiwezi kusema mtaa wenu haulipi kama mtaa wenu una ushahidi kwamba unalipa.

Kwa hivyo mwezi huu, kabla ya kulipa, fanya mambo matatu: soma mita, linganisha na bili, na uhakikishe jina linalotokea kwenye simu ni la kampuni ya maji kabla ya kuweka nambari ya siri. Hiyo nambari ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijiita afisa wetu. Na ukiona bomba linamwaga barabarani, piga simu uripoti. Hayo maji yanayotiririka kwenye lami tayari yamewekwa kwenye hesabu ya mtu, na huenda ni yako.